Pumzi ya Akiba Ndani ya Kijazio: Kifaa cha Wazamiaji na Maji ya Lualaba

Mtu anayeshuka majini akiwa na mtungi wa hewa mgongoni hutegemea mambo mawili yasiyoweza kusubiri: hewa inayofika kinywani kila anapovuta pumzi, na uwezo wa kubaki katika kina alichokichagua bila kuzama zaidi wala kupaa juu kwa kasi. Kwa miaka mingi mambo hayo yalihudumiwa na vifaa viwili tofauti, kila kimoja na mpira wake wa hewa na mazoea yake ya mkono. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kimekuwepo kifaa kinachoyaunganisha, yaani kijazio cha fulana ya kuelea ambacho ndani yake imetiwa regyuleta ya akiba, ili mkono uleule unaozoea kuongeza na kupunguza hewa ya kuelea ukutane na pumzi ya dharura mahali palepale. Swali ni iwapo muungano huo unamwongezea mzamiaji usalama au unampunguzia. Jibu lake haliwezi kutolewa bila kutazama aina ya maji na aina ya kazi, kwa sababu kinachomfaa mtalii katika maji maangavu ya kisiwa cha Mnemba si lazima kimfae fundi anayeshuka mbele ya ukuta wa bwawa la umeme katika maji ya tope ya mto Lualaba, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mtungi wa kawaida hubeba hewa iliyobanwa kwa shinikizo la baa 200 hadi 300, na hakuna pafu linaloweza kuipokea hewa hiyo moja kwa moja. Regyuleta ndiyo hulipunguza shinikizo hilo, na hufanya hivyo kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza hufungwa kwenye mdomo wa mtungi na kulishusha shinikizo hadi kiasi cha baa 9 au 10 juu ya shinikizo la maji yanayomzunguka mzamiaji. Hewa hiyo ya kati hupita katika mipira myembamba hadi hatua ya pili, ambayo ndiyo hushikwa kwa meno. Ndani ya hatua ya pili kuna kiwambo kinachoguswa na maji upande mmoja na hewa upande wa pili: mzamiaji avutapo pumzi kiwambo huingia ndani na kusukuma wenzo mdogo, wenzo hufungua vali, na hewa hufika kwa shinikizo lilelile la maji ya mahali hapo; anapoacha kuvuta, vali hujifunga, na pumzi anayoitoa huenda majini. Wazo la kumpa mtu hewa pale tu anapoivuta lilikwishafanyiwa kazi na Wafaransa Benoît Rouquayrol na Auguste Denayrouze katika miaka ya 1860, lakini lilipata umbo lililoenea duniani mwaka 1943, Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walipounda kifaa walichokiita Aqua-Lung.

Fulana ya kuelea ilikuja baadaye, na ilizaliwa na haja nyingine kabisa. Mzamiaji huvaa nguo ya mpira yenye vipovu vingi vya hewa ndani yake, na kadiri anavyoshuka vipovu hivyo hubanwa, nguo huwa nyembamba, na mwili wake hupoteza sehemu ya uwezo wa kuelea. Asipopata namna ya kufidia upungufu huo ataendelea kuzama kwa uzito wa risasi alizofunga kiunoni. Mwaka 1961 Maurice Fenzy wa Ufaransa alitoa mfuko wa shingoni uliofanya kazi hiyo, na muongo uliofuata ukaleta fulana inayovaliwa kama koti lisilo na mikono, ambayo hujazwa hewa kutoka mtungi uleule wa kupumulia. Kijazio ni kichwa kidogo kilichoning'inia mwishoni mwa mpira mnene wa mikunjo begani kushoto, chenye kitufe cha kuingiza hewa, kitufe cha kuitoa, na mdomo wa kupulizia kwa pumzi endapo mpira wa hewa utakatika.

Katika miaka ya mwanzo mzamiaji alikuwa na hatua ya pili moja tu, na mwenzake akiishiwa hewa wawili hao walilazimika kupokezana kipande kimoja cha mdomoni, kila mmoja akivuta pumzi mbili na kumrudishia mwenzake. Njia hiyo ilidai utulivu ambao mtu aliyekosa hewa mara chache huwa nao, ndiyo maana kuanzia katikati ya miaka ya 1960 wazamiaji walianza kuongeza hatua ya pili nyingine kwenye hatua ya kwanza ileile, na mkusanyiko wa mipira inayotawanyika kutoka sehemu moja ukapewa jina la pweza, oktopasi, ambalo limebaki kuwa jina la regyuleta ya akiba. Sheck Exley na wazamiaji wenzake wa mapango ya Florida walikwenda mbali zaidi, wakaipa regyuleta inayotolewa kwa mwenza mpira mrefu wa kiasi cha mita 2, ili watu wawili waweze kupita kwenye njia nyembamba mmoja mbele na mwingine nyuma. Hatua hizo zote zililenga kuitenga pumzi ya mwokoaji na ya mwokolewa, na ndiyo sababu kifaa cha muungano kilipotokea kilionekana kuelekea upande mwingine.

Kampuni ya Scubapro ndiyo iliyokitambulisha zaidi, kwa jina la AIR II, na baada yake kampuni nyingine zilitoa vya kwao: Oceanic wana Air XS, Atomic Aquatics wana SS1, Mares wana Air Control, Aqua Lung wana Airsource, Zeagle wana Octo-Z. Maumbo yanatofautiana, lakini wazo ni moja: kichwa cha kijazio kinapanuliwa ili ndani yake mkae kiwambo, wenzo na vali ya kupumulia, na mpira unaokilisha hewa unapewa kiungo chenye tundu pana zaidi, kwa kuwa kiungo cha kijazio cha kawaida kina kijivali chembamba kinachotosha kujaza fulana polepole lakini hakitoshi kumlisha mtu anayehema. Matokeo ya kwanza ya jambo hilo ni kwamba mpira wa kifaa cha muungano kwa kawaida haubadilishani na mpira wa kijazio cha kawaida, na mzamiaji anayesafiri na fulana yake akitegemea kukodi regyuleta atakapofika hugundua hilo akiwa tayari ndani ya boti.

Hoja za kukitetea si nyepesi. Kutoka hatua ya kwanza hupungua mpira mmoja, kwa hiyo mzigo na vitu vinavyoning'inia hupungua pia, na anayejua jinsi oktopasi isiyofungwa vizuri inavyoburutika juu ya matumbawe ya Misali au ya hifadhi ya Kisite-Mpunguti hatalidharau jambo hilo. Oktopasi inayoburutika huokota mchanga, na mchanga ukiingia chini ya vali, siku inapohitajika huvuja au humpa mtu maji badala ya hewa. Kijazio hakiburutiki. Kiko begani kushoto, mkono wa mzamiaji hukigusa mara nyingi katika kila safari ya majini, na hata katika giza hahitaji kukitafuta. Hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote, kwa sababu wakati wa dharura mkono hukimbilia ulikozoea. Hata hivyo wanaokiuza huiongezea hoja hiyo dai lisilosimama, kwamba kifaa kinachotumika kila siku hujulikana kuwa kizima. Kitufe cha kuingiza hewa hufungua vali moja, pumzi hufungua nyingine. Mtu anaweza kujaza fulana yake mwaka mzima bila kujua kwamba kiwambo cha kupumulia kimechanika.

Kifaa hiki kinabadilisha pia adabu ya kuokoana. Mwenye oktopasi humpa mwenzake oktopasi na kubaki na regyuleta yake kinywani; mwenye kijazio cha pumzi hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa mpira wa mikunjo ni mfupi na umefungwa kwenye fulana yake, kwa hiyo huitoa regyuleta iliyo kinywani mwake, humpa aliyeishiwa, kisha hukichukua kijazio na kupumulia humo. Kuna busara ndani ya mpangilio huu, kwa sababu mwenye hofu hupokea regyuleta ambayo sekunde moja iliyopita ilikuwa ikifanya kazi, na kinachobaki kwa mtoaji, ambacho mara nyingi kina vali ya kawaida isiyo na marekebisho na huvutika kwa nguvu zaidi, hubaki kwa yule aliyetulia. Isitoshe, mtu aliyekosa hewa mara nyingi hunyakua kile anachokiona kinatoa mapovu, yaani kile kilicho kinywani mwa mwenzake, na mzamiaji aliyejizoesha kukitoa mwenyewe hashtuki kinaponyakuliwa.

Tatizo huanza pale mpokeaji asipofundishwa njia hiyo. Mafunzo mengi humfundisha mwanafunzi kutafuta regyuleta ya rangi ya manjano kati ya kidevu na mbavu za mwenzake, na asipoikuta hupoteza sekunde ambazo hana. Katika vituo vya Nungwi, Diani au Watamu, ambako wageni wasiojuana huunganishwa wawili wawili asubuhi na kushuka majini kabla ya saa tano, maelezo ya dakika mbili ndani ya boti ndiyo yanayoamua iwapo kifaa hiki kitaokoa mtu. Urefu wa mpira nao una lake: mpira wa kawaida wa regyuleta kuu ni wa kiasi cha sentimita 70 au 80, unamtosha aliyeuvaa lakini huwabana wawili kifua kwa kifua, mmoja akilazimika kugeuza shingo. Wanaolijua suala hili hubadilisha mpira huo kwa ule unaofika mita 1, na ajabu ni kwamba kifaa huuzwa mara nyingi bila mpira huo, kana kwamba mnunuzi hatakuwa na mwenzake kamwe.

Ugumu mwingine hujitokeza wakati wa kupanda. Hewa iliyo ndani ya fulana hutanuka kadiri shinikizo la maji linavyopungua, na katika mita 10 za mwisho ujazo wake huongezeka maradufu, kwa hiyo ni lazima itolewe kidogo kidogo ili watu wasirushwe juu. Njia ya kawaida ni kuinua mpira wa mikunjo juu ya bega na kubonyeza kitufe cha kutolea, lakini mpira huo sasa umeshikwa kwa meno. Mtoaji anaweza kubonyeza kitufe hichohicho kikiwa kinywani, ila hewa ya ndani ya fulana itapita karibu na pumzi yake, nayo ni hewa ya mfuko wenye unyevunyevu ambamo bakteria na kuvu hustawi. Au avute kamba ya vali ya bega la kulia, ambayo hufanya kazi vizuri mwili ukiwa wima. Fulana isiyo na vali hiyo ya kulia haifai kuwekewa kifaa cha muungano.

Kiini cha uchambuzi huu, hata hivyo, kiko katika namna vifaa vinavyoharibika. Kijazio chochote kinaweza kukwama kikiwa wazi, kwa chumvi, kwa kutu au kwa punje ya mchanga, na fulana ikaanza kujaa yenyewe. Mzamiaji mwenye kijazio cha kawaida hufundishwa kuchomoa mpira wake mara moja, jambo linalochukua sekunde chache, kisha huendelea kupumua kwa regyuleta yake, oktopasi yake ikiwa bado nzima kwa ajili ya mwenzake. Mwenye kijazio cha pumzi akifanya vivyo hivyo ameikata pumzi yake ya akiba kwa mkono wake mwenyewe. Upande wa pili ni mbaya zaidi: vali ya kupumulia iliyo ndani ya kifaa ikianza kumwaga hewa bila kukoma, mtungi huisha kwa dakika chache; akiuchomoa mpira ili kuinusuru hewa iliyobaki, hupoteza pumzi ya akiba pamoja na uwezo wa kujaza fulana, na hulazimika kuitoa regyuleta kinywani ili kupuliza fulana kwa mdomo, jambo ambalo mtu aliyezidiwa hawezi kulitegemea. Hitilafu moja imeondoa huduma mbili. Wachimbaji wa migodi ya chini ya ardhi wa Kolwezi, mji wa migodi karibu na Lualaba, wataielewa hoja hii upesi, kwa sababu kifaa cha kujiokoa kinachofungwa kwenye mkanda wa mchimbaji, kile cha kupumulia pale moshi au gesi mbaya inapotanda, hakikutwikwa kazi nyingine yoyote: hakiwashi taa, hakipimi gesi, hukaa kimefungwa kikisubiri siku moja.

Haki inadai isemwe pia kwamba oktopasi yenyewe si akiba kamili. Inatumia mtungi uleule na hatua ya kwanza ileile, na hatua ya kwanza ikiharibika au mtungi ukiisha, regyuleta zote mbili zinanyamaza pamoja. Akiba ya kweli ni mtungi mdogo wa pili wenye hatua yake ya kwanza, au mitungi miwili isiyotegemeana. Kati ya oktopasi na kijazio cha pumzi tofauti ni ya daraja, na mjadala unaowasha wazamiaji wengi, kana kwamba kimoja ni salama na kingine ni hatari, hulisahau jambo kubwa zaidi, ambalo ni kiasi cha hewa kilichobaki katika mtungi wa mtoaji.

Hesabu yake si ngumu. Mtu mwenye hofu anaweza kuvuta lita 40 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji, na wawili lita 80. Katika kina cha mita 30 baharini shinikizo ni mara nne ya lile la juu, kwa hiyo wawili hao hutumia lita 320 kila dakika. Wakihitaji dakika moja kupokezana na kutulia, kisha wapande kwa mwendo wa mita 10 kwa dakika, watatumia lita 320 za mwanzo na karibu lita 600 za njiani, jumla lita 920. Mtungi wa lita 12 hutoa kiasi hicho kwa baa 77, na wakitaka kusimama kwa dakika tatu katika mita 5, kama inavyoshauriwa, watahitaji zaidi ya baa 100. Mazoea ya watalii ya kuanza kurudi juu wakiwa na baa 50 hayana nafasi ndani ya hesabu hii, na hakuna umbo la kifaa linaloweza kuziba pengo hilo. Kiwango cha Ulaya cha EN 250, katika toleo lake la mwaka 2014, kinakiri ukweli huo kwa njia yake: regyuleta zinazokusudiwa kulisha watu wawili kwa pamoja hupewa alama maalumu ya herufi A, na matumizi hayo huwekewa mpaka wa mita 30.

Maji ya Lualaba yanaiweka hesabu hiyo katika mazingira magumu zaidi. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kiasi cha baa 0.86, si 1 kama Mombasa au Bagamoyo. Mafunzo ya kawaida huhesabu kuwa uzamiaji wa mwinuko huanza mita 300, na sababu yake ni kwamba naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka kwa kulingana na uwiano wa shinikizo la chini na la juu. Mzamiaji aliyeshuka mita 20 katika maji baridi ya mwinuko huo hurejea kwenye hewa nyepesi zaidi, na kwa mahesabu ya kupanda anapaswa kuchukuliwa kuwa alishuka karibu mita 23 za bahari. Kipimo cha kina cha aina ya zamani, kilichosawazishwa usawa wa bahari, humwonesha kina kidogo kuliko alichofika. Kwa mtu anayerushwa juu na fulana iliyokwama ikijaa, mwinuko huo unamaanisha kwamba kosa linaloweza kusamehewa na mwili wake Pemba linaweza lisisamehewe Kolwezi. Ziwa Kivu, lililoko mita 1,460, na Ziwa Viktoria, mita 1,135, yana sharti lilelile. Ziwa Tanganyika, ambako wazamiaji wamekuwa wakikusanya samaki wa mapambo kwa miongo kadhaa, liko chini zaidi, lakini nalo limeuvuka mpaka wa mita 300 kwa mbali.

Kazi zinazoweza kumshusha mtu majini huko Lualaba si za utalii. Mabwawa ya Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba, yaliyojengwa katika miaka ya 1950 ili kuipa migodi umeme na kuitwa wakati huo Delcommune na Le Marinel, yana malango, nyavu za chuma za kuzuia uchafu na milango ya mifereji ambayo, kama katika bwawa lolote la umeme, huhitaji kukaguliwa. Mashimo ya migodi nayo hujaa maji: shimo kubwa la KOV karibu na Kolwezi lilizama wakati kampuni ya madini ya Gécamines ilipodhoofika na likakaushwa baadaye kwa pampu, mgodi wa Kipushi huko Haut-Katanga ulizama mwaka 2011, na mgodi wa Kakula uliingiliwa na maji baada ya mitetemo ya ardhi ya Mei 2025. Katika visa hivyo pampu ndizo zilizotegemewa kuyaondoa maji, na hilo ndilo jambo sahihi, kwa kuwa hakuna regyuleta inayomfanya mtu awe salama ndani ya njia ya chini ya ardhi iliyozama. Maji yenyewe ni ya tope, na mito kama Luilu na Musonoi imepokea kwa miaka mingi maji machafu ya viwanda vya kusafishia shaba na kobalti. Tope laini ni adui wa kila vali, na kijazio kinachokaa kifuani hugusana nalo kila mzamiaji anapolala chini kufanya kazi kwa mikono.

Ndani ya maji ambamo haoni kitu, mzamiaji mwenye kijazio cha pumzi ana vitufe vitatu vilivyokaribiana, cha kuingiza hewa, cha kuitoa, na kile cha kusukuma maji nje ya chumba cha kupumulia, na glavu nene hufuta tofauti baina yao. Akibonyeza cha kwanza akidhani ni cha tatu, anaanza kupanda. Majanga ya maji ya ukanda huu yameonesha jinsi maji yasiyoonesha yanavyotawala kazi nzima: kuzama kwa kivuko MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara mwezi Septemba 2018, na gari lililotumbukia kutoka kivuko cha Likoni mwaka 2019 na kutafutwa kwa karibu wiki mbili kabla ya kuopolewa. Katika kazi kama hizo mzamiaji hutegemea kugusa kuliko kuona, na kifaa bora kwake ni kile ambacho kila sehemu yake ina umbo lake na mahali pake.

Mbele ya bwawa la umeme kuna hatari nyingine ambayo haijali regyuleta kabisa, nayo ni tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za lango. Tundu dogo linalovuja kuelekea upande usio na maji huvuta mkono au mguu kwa nguvu isiyoweza kushindwa na mwili, na aliyenaswa hubaki hapo hadi hewa imwishie. Kwa sababu hiyo kazi ya kitaalamu ya chini ya maji imekwishaamua suala hili kwa njia yake. Shirika la wakandarasi wa kazi za baharini, IMCA, haliukubali mtungi wa mgongoni kama chombo kikuu cha kazi. Mzamiaji hulishwa hewa kwa mpira kutoka juu, huvaa kofia ngumu au barakoa ya uso mzima yenye simu, na mgongoni hubeba mtungi wa dharura ambao kazi yake ni moja tu. Wachimbaji wa almasi wa mito ya Kasai hushuka pia kwa hewa inayotoka kwenye kompresa iliyo juu ya mtumbwi, lakini bila mtungi huo wa dharura, na ndipo ilipo tofauti kati ya kazi na kamari: kompresa ikizimika, mtu hana pumzi ya pili popote.

Hivyo katika maji ya Lualaba, Lufira au Lulua kijazio cha pumzi hakistahili kuwa akiba ya pekee ya mtu aliye kazini, na idara yoyote ya bwawa au mgodi inayonunua vifaa vya ukaguzi mdogo ingefanya vyema kulipia mtungi mdogo wa pili kabla ya kulipia kitu kingine. Katika bahari ya Afrika Mashariki, ambako maji ni maangavu, kina ni cha kiasi na mwongozaji yuko mita chache tu kutoka kwa mgeni wake, kifaa hicho kinaweza kutumika kwa heshima kamili, ilimradi mpira wa regyuleta kuu urefushwe, fulana iwe na vali ya bega la kulia, na wote wawili wawe wamebadilishana regyuleta angalau mara moja katika kina cha mita 3 au 4 kabla ya kushuka zaidi.

Linabaki suala la matengenezo, ambalo huharibu nia njema kuliko kasoro yoyote ya uundaji. Regyuleta hupelekwa kwa fundi kila mwaka au kwa ratiba ya kiwanda, hufunguliwa, hubadilishiwa pete za mpira na vali, na hupimwa. Fulana hubaki nyumbani, kwa sababu wengi huiona kuwa nguo. Kijazio cha pumzi kimefungwa kwenye fulana, kwa hiyo hubaki nayo, na regyuleta mojawapo kati ya mbili ambazo uhai unazitegemea hupita miaka bila kufunguliwa. Fundi mwangalifu humdai mteja alete fulana pamoja na mtungi na regyuleta, huandika tarehe ya matengenezo ya kila hatua ya pili kwenye kadi yake peke yake, na hukipima kijazio kwa pumzi, si kwa kitufe, kikiwa kimeunganishwa na hatua ya kwanza ileile kitakayotumika nayo, kwa kuwa shinikizo la kati likizidi lile ambalo vali yake iliwekewa, kitaanza kuvuja mara mtungi utakapofunguliwa.